Tundu la Msumari

Nimekuja kupiga kura kama watu wengine.
Tangu saa kumi alfajiri nimepanga foleni, kitambulisho mkononi,
na foleni inanisukuma polepole
ndani ya jengo nililolichora mwenyewe
nikiwa na miaka thelathini na mmoja.
Hakuna anijuaye. Karani aniambia, "Nyanya, shika ukuta usianguke."
Nashika. Ukuta ni wangu.

Mikindani. Madarasa kumi na mawili,
matofali ya matundu upande wa kusi,
na mwamba chini uliovunja sururu tatu za Fundi Mwaringa.
Aliitandaza ramani juu ya mfuko wa simiti, akaitazama,
akaniuliza, "Dada, hii karatasi yaijua mvua?"
Haikuijua.
Masika ya kwanza mabati yalipiga kelele
hadi walimu wakaacha kusema, wakakaa
wakisubiri mbingu imalize somo lake.
Shule zote nilizochora baadaye
nilizichora nikiisikia ile mvua.

Kabla ya hapo, miaka sita, Barabara ya Digo, ghorofa ya tatu.
Wenzangu walichora benki, na hoteli za Nyali.
Mimi nilipewa vyoo.
Vyoo vya godauni, vya kituo cha mafuta, vya soko.
Walidhani wananikomoa,
nami nikajua wasilolijua:
kwamba msichana wa darasa la saba
huiachia shule mlangoni pa choo kisicho na komeo.

Nyumba yetu ya Tudor ilikaa miaka kumi na minne bila plasta.
Mume wangu Mbarak akiwaambia wageni, "Mganga hajigangi,"
kisha akiwasogezea kiti mbali na ukuta
wasichafuke mabega.
Alikufa plasta ikiwa bado mbichi.

Lakini dirisha.
Dirisha nililipigania.
Mimi nilisomea Majengo, darasa lenye madirisha juu kabisa,
kama mahabusu; tulijua kuna mawingu
pale tu daftari zilipoingia kiza.
Kwa hiyo hapa nililishusha: sentimita sitini toka sakafuni.
Mkaguzi akaja na kalamu nyekundu.
"Watoto watachungulia nje."
Nikamwambia, "Ndiyo."
Barua tatu, miezi minane, na nikashinda.

Sasa naingia darasa la tatu B, kituo namba nne,
na madirisha yamepakwa rangi.
Rangi ya mafuta, ya kijivu, mpaka usawa wa bega la mwalimu.
Natumbukiza kura. Nimempa nani, hiyo ni yangu.
Wino haujakauka kidoleni, nageuka nitoke,
na hapo kwenye kioo, karibu na dawati la mwisho,
naona nukta ya mwanga.

Tundu. Dogo kama punje ya mtama.
Limekwanguliwa kwa msumari, au kwa ncha ya bikari.
Nasogea. Rangi ina matabaka: kijivu, chini yake buluu,
chini yake kijivu kingine, cha zamani.
Kila walipopaka
mtu alitoboa tena palepale.

Nikainama. Magoti yakanisuta.
Nikatia jicho.
Tangi la maji. Mpapai dume.
Kamba ya nguo za mlinzi, soksi moja.
Mbali, kreni ya Kipevu yanyanyua kontena jekundu
bila haraka, bila sauti.

"Nyanya, umepotewa na kitu?"
"La, mwanangu. Nishikie mkoba."
Nikatoa futikamba; sijawahi kutoka nyumbani bila hiyo.
Toka sakafuni hadi tunduni: sentimita tisini na saba.
Kwenye ramani, jicho la mtoto aliyeketi
nilikuwa nimelikadiria tisini na tano.

Nikaandika nyuma ya risiti ya dawa: *97*.
Foleni nyuma yangu ilikuwa imeanza kunung'unika.